Siku shemeki Adalbert alianza kuniheshimu

Shemeki yangu Adalbert, ndugu ya marehemu Edith muke yangu, hajawahi kuniita na jina. Bantu bengine bote bananiita Papa Tracy, juu ya binti yangu. Yeye hapana. Tangu nioe dada yake ananiita Tilapia, eti sura yangu iko sawa samaki yenye kuganda ya kutoka mu frigo. Hata siku ya kuzika Edith, mbele ya padri, alinikamata mukono, machozi inamuanguka, akasema: «Tilapia, sasa nani atakuosha?» Nililia na nikacheka pamoja. Kwetu shemeki iko na haki ile. Miye namuita Redio, juu hakuna anayejua fasi ya kumuzimia.

Mu kipwa ya mwaka huu, ile miezi bila mvua, pikipiki ya manseba, dereva ya kubeba bantu kwa feza, yenye kumubeba kutoka mutaa ya Hewa Bora iliingia mu shimo. Ile shimo bakubwa ba muji balichimba bo benyewe, eti juu ya bomba ya maji. Bomba haikuja, maji haikuja, shimo njo ilibakia, bila hata kijiti ya kuonya bantu. Banapita mu magari ya vioo ya giza, shimo bataionea wapi? Adalbert alianguka na kichwa. Akasimama, akapangusa suruali, akamutukana manseba, akarudi kwake mu mutaa ya Kenya kwa miguu. Akakula bukari, ugali yetu, vizuri. Kisha kichwa ikaanza kumuuma sana, akatapika. Mado, muke yake, akanipigia simu.

Ku hospitali balimupitisha ku skana. Dokta Kangwa, kijana mwembamba wa sauti ya pole, alituonyesha picha: alama nyeupe sawa ganda ya ndizi, kati ya mufupa na bongo.

— Hii ni damu, alisema. Kwa sasa iko kidogo, inaweza kukauka yenyewe, hatutapasua. Lakini mufupa ya kichwa haipanuke. Kama damu inaongezeka, inakosa fasi ya kwenda, inafinya bongo. Hapo tutapasua mbio.

Kitanda ilikuwa ya kuinua upande ya kichwa, lakini mukono yake ya kuzungusha ilivunjika zamani, na wenye kuongoza banajua na banalala vizuri. Tulitia matofali chini. Infirmière Huguette, muuguzi ya ile chumba, alituambia: shingo ikae sawa, kelele hapana, mugonjwa asikaze tumbo. Alikuwa peke yake mu chumba yenye kujaa bagonjwa, na kila saa alikuja na tochi yake ndogo kumuamsha Adalbert na kumuuliza maulizo.

— Papa, jina yako nani?

— Uliza Tilapia. Yee njo anatembeaka na jina yangu mu kinywa.

— Hapa tuko wapi?

— Mu frigo ya Tilapia.

— Nani anaongoza huu muji?

— Hakuna.

Huguette akaniangalia, kalamu imesimama.

— Andika: jibu ni sawa, nilimuambia.

Alicheka mupaka akafunika kinywa. Kisha akanivuta pembeni.

— Papa Tracy, huyu mugonjwa ananichanganya. Miye simujue, ninyi njo munamujua. Kama anakuwa muntu mwingine, muniite, hata kama niko nakula.

Kesho yake asubuhi alitukana vizuri. Alisema chai yangu ni maji ya kunawa miguu. Mu kati ya siku Mado akafika na bamama babili ba kikundi ya maombi, baombe polepole. Adalbert akafungua macho, akaniangalia wakati murefu. Akasema na sauti ya chini, neno moja moja:

— Asante sana, mukubwa yangu. Unachoka juu yangu.

Niligeuka nyuma kuangalia kama padri ameingia.

— Mado, aliendelea, unisamehe. Mama yako alizikwa kule Kambove, miye nikabaki hapa kuangalia mupira. Nilikosa.

Mado alianguka na magoti. Ile neno aliingoja miaka na miaka. Bamama bakashikana mikono, bakaanza kuimba chini chini: Bwana amemugeuza, Bwana amemuvunja moyo. Miye pia ilinipendeza, niseme ukweli. Kuitwa mukubwa na shemeki! Nilikaa vizuri ku kiti, nikanyoosha kola. Kisha nikamujaribu:

— Redio, leo haupige kelele?

— Hapana, mukubwa.

Nikaacha kola, nikasimama.

— Mado, naenda kuita Huguette.

— Papa Tracy, acha kwanza. Amekuwa muzuri hivi, unataka bamufanye nini?

— Huyu si yeye.

— Basi baniachie huyu! alisema, machozi na kicheko pamoja, na akanikamata shati.

Nilimutoa mukono polepole, nikaenda. Huguette alikuwa anakula kweli, akaacha sahani. Akauliza maulizo yake, na Adalbert akajibu yote sawasawa: jina, hospitali, mwaka, hata jina ya meya na cheo yake.

— Munaona? Amepona! alisema mama mumoja.

— Mama, ngoja, alisema Huguette.

Akamulika jicho moja, akamulika ya pili, akarudilia. Mboni moja ilikuwa inachelewa kujifunga. Akamutia Adalbert vidole mu mikono, akamuambia afinye. Mukono ya kushoto ilikuwa laini sawa kitambaa. Huguette akaachia ule mukono. Alikimbia.

Dokta Kangwa alikuja mbio naye, bakasukuma kitanda mupaka ku skana. Ile siku umeme ilikuwa. Sitawashukuru bakubwa ba umeme. Siku Edith yangu alikufwa, balikata umeme wakati mashine ya hewa ilikuwa inamusaidia, na mupaka leo hakuna mukubwa aliyekuja kuniambia hata pole. Ile ganda ya ndizi ilikuwa imenenepa, imesukuma bongo upande. Bakamuingiza kupasua.

Tulikaa inje, Mado na miye.

— Papa Tracy, ile pole aliyoniomba, ilikuwa yake ao ya damu?

— Sijue, Mado.

— Kama anakufwa, nitaikamata vile vile.

Dokta alitoka na jasho ku kipaji. Alisema damu imetoka, bongo imerudi ku fasi yake, sasa tungoje. Tukangoja. Siku za kwanza Adalbert alitafuta maneno sawa muntu anayetafuta viatu mu giza. Kijiko aliiita funguo. Kisha asubuhi moja Huguette akamuonyesha miye: «Huyu ni nani?» Adalbert akakunja uso, akahangaika.

— Huyu? Huyu ni samaki... samaki ya... baridi.

Nilimukumbatia miguu. Huguette akanifukuza, eti natikisa kitanda.

Sasa Adalbert iko kwake, anaketi ku kivuli ya nyumba, kichwa yenye kunyolewa na kovu sawa njia ya reli. Juzi Mado alituletea bukari na sombe, majani ya muhogo, akasimama mbele yake.

— Uliniomba pole juu ya mama.

— Miye?

— Weye. Mbele ya bamama ba maombi.

— Ile ilikuwa damu, Mado. Damu haina akili.

Mado akainama, akachukua sahani ya sombe, akaingia nayo ndani. Tukabakia tunaangalia bukari peke yake. Adalbert akafinya donge, akairudisha. Kisha akaita:

— Mado! Kaburi ya mama iko upande gani ya Kambove?

— Utajua wapi, na haukufika? alijibu ndani.

— Njo maana nauliza. Dokta akinikubalia kupanda gari, tunaenda. Na Tilapia aje. Njaa ikitukamata mu njia, tutamukaanga.

Mado alitoka na sombe. Niliwaambia ile barabara makamiyo, magari makubwa ya kubeba madini, imeimaliza, na wenye kuikusanyia ushuru banajenga majumba, na Adalbert atashika kichwa na mikono mibili mupaka Likasi, mbele ya kufika Kambove.

— Basi tutaenda polepole, alisema Mado. Akamuongezea bwana yake sombe, kisha na miye.