Gunia la Maranda

Haya, sogea hapa ukaze masikio. Nina mgonjwa wangu: akipandisha homa nyumba nzima tunachekelea, akipoa tunashika tama. Ni nani? Usikune kichwa mpaka uote kipara. Umeshindwa? Basi nipe mji wowote, hata wenye vumbi, nikutegulie: ni rundo la mboji.

Dobi naye hakulijua hilo siku kitindamimba wake alipomshikisha reki. Dobi ndilo jina walilompa majirani, maana alifua mashuka ya hospitali tangu ujana hadi alipostaafu, na mpaka leo doa likimwona linatafuta pa kujificha. Mumewe, seremala, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kitindamimba, msusi aliyeolewa mbali, alikuja likizo na swali moja, akalitua mezani kabla chai haijapoa.

"Mama, utahamia kwetu, au utabaki peke yako humu?"

Dobi akafuta meza iliyokuwa safi tayari. "Mchicha wa baba yako umedumaa. Umeuona?"

"Nimekuuliza kitu, mama."

"Nami nimekuonyesha kitu."

Kweli udongo ulikuwa umechoka. Seremala ndiye aliyekuwa akileta samadi kwa toroli, na tangu aondoke hakuna aliyeleta. Basi binti akasema, watengeneze mboji yao wenyewe. Wakachagua pembe nyuma ya jiko, wakatandika vijiti ili hewa ipite chini, kisha maganda ya viazi, majani ya kabichi na magugu mabichi.

"Sasa tunataka kitu kikavu, tabaka kwa tabaka," binti alisema. "Si kuna lile gunia la maranda la baba, stoo?"

"Lile liache. Halina kazi na taka."

Maranda ni yale maganda membamba ya mbao yanayojikunja yakitoka kwenye randa. Seremala alikuwa akirudi nayo kwenye nywele, kwenye ndevu, hadi mfukoni mwa shati. "Umeniletea karakana nzima kitandani!" Dobi alikuwa akimgombeza, naye humjibu, "Nikijikung'uta yote, utanitambuaje?" Watoto wao walijivika yale marefu masikioni, wakajiita mabibi harusi. Gunia hili lilikuwa la mwisho. Siku nyingine Dobi aliingia stoo, akalifungua mdomo, akatia pua, akalifunga tena. Hakumwambia mtu.

Wakalijenga rundo bila kikavu chochote. Halikukawia kunuka, na kunuka ni neno la heshima. Jirani akakohoa ng'ambo ya ukuta, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Dobi aibu ikamshika. Binti alipokwenda sokoni, akachanganya dawa ya kuulia vijidudu kwenye ndoo, akalimwagia rundo lote kama shuka la wodini.

Binti aliporudi alichomeka kijiti katikati ya rundo, akakichomoa, akakishika. Baridi. Akakinusa.

"Mama! Umelifua?"

"Nimelisafisha kidogo tu."

"Umewaua wote! Vijidudu ndio wapishi wenyewe, wao ndio wanaolitia joto. Jamani, mama yangu anafua taka!"

Binti akacheka mpaka akakaa ndani ya toroli. Dobi naye akacheka, machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea.

"Mama? Nimekuudhi?"

"Hapana. Ni lile gunia. Nikilimwaga, baba yako atakuwa amekwisha kabisa humu ndani."

Binti akatoka kwenye toroli, akamfuta uso kwa ncha ya khanga. "Basi liache, mama. Tutaokota majani makavu."

Lakini asubuhi alikuta uani Dobi ameshaliondoa rundo lililofuliwa, ameshatandika vijiti vipya, naye analiburuta gunia kinyumenyume, anahema.

"Usisimame tu kama mgeni. Shika upande ule."

Wakamwaga. Harufu ya mbao ikapanda, ikajaa ua mzima, na kwa kitambo seremala alikuwa pale, mikono kiunoni, anakagua. Kisha maganda, kisha maranda, kisha magugu, kisha maranda, na maji kidogo, matupu safari hii. Ganda moja la mbao lilinasa kwenye nywele za Dobi. Binti aliliona, akaliacha.

Siku ya kuondoka kwa binti, mkoba wake ukiwa mlangoni, Dobi alichomoa kijiti. Kilitoka kinafuka mvuke. Akakiweka shavuni, akafumba macho.

"Kina moto," akasema. "Shika."

Binti akashika, akatabasamu, akauinua mkoba wake. Hakuuliza tena.

"Sihami, mwanangu," Dobi akamwambia. "Nabaki hapa na bustani yangu. Wewe ndiye utakayekuja."