Bwana Mwiba Ajibu Barua

Hakuwa na mke. Aliyekuwa naye aliondoka na televisheni akamwachia waya. Hakuwa na nywele za kuchana, wala upara kamili wa kumpa heshima. Hakuwa na kiti chenye miguu minne mizima: mmoja uliegemezwa na matoleo ya zamani ya jarida lao, na kwa maoni yake hiyo ndiyo kazi pekee ya maana ambayo matoleo hayo yaliwahi kufanya. Hakuwa na subira. Hakuwa na rafiki aliyempita akili, wala hakuwahi kumtafuta. Hayo yote alishayazoea. Kilichomnyima usingizi ni kwamba hakuwa na barua.

Jarida liliitwa Vibonyezo. Liliandikwa kwa ajili ya watu wazima wasiotaka kuachana na michezo ya video ya utoto wao, ile ya kaseti nene. Unaichomeka kaseti kwenye mashine, mashine unaiunga na televisheni, haiwaki. Unaichomoa, unaipuliza vumbi, unaichomeka tena, unamwomba Mungu. Kuna watu wana wajukuu na bado wanapuliza kaseti. Hao ndio walikuwa wasomaji.

Yeye alishika ukurasa wa barua zao. Juu ya ukurasa palichorwa kichwa chake, bado kina nywele, na chini yake maneno "Mjomba Barua Anawajibu." Hata pale ofisini jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika. Aliwasoma wasomaji wake kama mtu wa maabara anavyotazama kikombe cha choo: si kwa mapenzi, ni kwa sababu ndiyo kazi. Lakini ukurasa ulikuwa wake. Hakuwa na kitu kingine duniani chenye sura yake juu.

Asubuhi moja Mkurugenzi alimsimamia mezani. Huyu alikuwa kijana aliyerithi jarida kwa babake kama mtu anavyorithi meno mabovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ukurasa wako mweupe kama sanda."

"Wasomaji wetu hawajui kuandika, Mkurugenzi. Na wanaojua hawana la kusema."

"Basi sikiliza. Toleo lijalo ukikosa barua za kujaza ukurasa, nafasi hiyo nawauzia wenye magodoro. Na wewe tutakuaga vizuri. Tutakukatia keki."

"Mimi sili keki."

"Tutaila sisi."

Mkurugenzi akaenda zake akipiga mluzi. Mjomba Barua alimsindikiza kwa macho, akasema moyoni kwamba mwana wa simba huyu kazaliwa paka, tena paka wa dukani.

Dawa ya ugonjwa wa kukosa barua inajulikana na kila mshika ukurasa, na kila mmoja ataikana mbele ya watu: unaandika mwenyewe. Basi akachukua karatasi ngeni, akabadilisha mwandiko, akaandika kama msomaji mwenye hasira. Alichagua kuutukana mchezo ambao wasomaji wa Vibonyezo waliupenda kuliko mama zao, uitwao Panya wa Mnarani. Ndani yake panya mdogo mwenye kofia anapanda mnara ili aitafune kamba ya kengele, na kwa kuwa watengenezaji walikuwa wavivu, kengele haionekani mpaka mwisho, na mwisho karibu hakuna aliyefika.

"Mchezo huu," aliandika, "ni wa watu ambao hata ngazi za nyumbani kwao huwashinda. Panya hana akili, mnara hauna mlango, na anayeucheza hana kazi." Akatia sahihi: Mwiba.

Hapo akakwama kwenye kanuni, tena kanuni aliyoitunga mwenyewe. Vibonyezo halikuchapa barua isiyo na sanduku la posta la mwandishi wake, ili wasomaji waweze kuandikiana na kubadilishana kaseti. Na majibu yote yalikwenda kwa posta, kwa mkono, kwa stempu, kwa kuwa jarida la mambo ya zamani lilijisifu kwa mambo ya zamani. "Barua isiyo na sanduku ni uvumi," alizoea kuwaambia makarani, kidole kikiwa juu. Mtu mwingine angeandika namba yoyote iliyomjia kichwani. Yeye, kwa kiburi cha kanuni yake, alitaka sanduku la kweli. Akaweka la shangazi yake.

Shangazi, dada mdogo wa babake, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na ulimi wake pia. Mjomba Barua alimpitia siku ileile.

"Shangazi, zikija barua za mtu anaitwa Mwiba, niwekee."

"Mwiba ndiye nani? Una deni?"

"Ni mambo ya kazi."

"Kazi gani ya mtu mzima kujiita mwiba? Haya, nitakuwekea. Sogea, umekanyaga mkono wa shati."

Toleo likatoka. Jamani, ukitaka kujua binadamu ana nini kifuani, usimguse mkewe wala mali yake. Mguse panya wake wa utotoni. Barua zilimwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Mwalimu wa hisabati aliandika kurasa tisa, pamoja na mchoro wa mnara ulionyooshwa kwa rula. Dereva wa trekta alisema angemjua Mwiba anapokaa, angemlimia ua. Muuguzi mmoja alieleza kwamba wodini, mgonjwa akishindwa kulala, humsimulia safari ya panya ghorofa kwa ghorofa, na hakuna aliyewahi kufika kengeleni akiwa macho. Mzee mmoja hakuandika chochote. Alituma kofia ya panya aliyoifuma kwa sindano.

Mjomba Barua aliisoma kofia hiyo kama barua, akaitupa kapuni. "Mijitu mizima," alisema peke yake, "ina ndevu na mikopo ya benki, inamlilia panya." Lakini ukurasa ulijaa, wenye magodoro wakarudishwa walikotoka, na kwa wiki kadhaa alitembea ofisini kama jogoo aliyelifundisha jua kuchomoza.

Furaha yake ilianza kuingia chumvi barua zilipobadilika. Ziliacha kumtukana Mwiba. Ziliacha hata kumzungumzia panya. "Nimepata jibu la Bwana Mwiba," aliandika mwalimu wa hisabati, "nimelibandika ukutani darasani." Dereva wa trekta: "Amenitukana vizuri sana, mwambieni asante." Mjomba Barua akakuna upara. Yeye hakuwa amemjibu mtu. Tangu toleo litoke hakuwa amefika kwa shangazi, maana kofia na michoro ya ofisini ilikuwa inamtosha.

Kabla hajapata muda wa kwenda, Mkurugenzi akamwita ofisini kwake. Mezani palikuwa na barua zilizopangwa kama karata za mshindi.

"Kaa, mzee. Nikusomee moja tu." Akakohoa. "'Majibu ya Mjomba Barua ni chai iliyolala. Unayanywa kwa kuwa umeshayamimina. Mpeni Mwiba ukurasa.'"

"Huyo ni mpumbavu."

"Wapumbavu wako wengi, basi. Hizi zote zinasema hivyo hivyo."

"Wengi ndivyo wapumbavu wanavyopatikana, Mkurugenzi. Hawauzwi mmojammoja."

Mkurugenzi akacheka, kicheko cha mtu ambaye tayari ameshaamua. "Nampa Mwiba ukurasa. Wewe utabaki unasahihisha nukta na mikato, kiti chako hakiguswi."

"Kiti changu kina miguu mitatu."

"Utamwandikia wewe mwenyewe kumwomba, kwa mkono, ndiyo desturi yetu. Akikataa, basi, nawarudia watu wa magodoro, maana baada ya huyu hakuna atakayekusoma tena. Samahani, mzee, lakini ukweli haupakwi mafuta."

Mjomba Barua alitoka na joto masikioni. Alikuwa amejichimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe, na sasa alitumwa akachague na sanda. Akashika njia ya kwenda kwa shangazi, hakumwamkia mtu.

Alimkuta mama huyo ameketi nyuma ya cherehani, miwani puani, sare za shule zimesukumwa pembeni. Mbele yake palikuwa na rundo la bahasha zilizofunguliwa kwa mkasi. Alikuwa anaandika.

"Shangazi! Umefungua barua zangu?"

"Zako? Sanduku la nani? Nani analipia kila mwaka? Barua ikija kwenye sanduku langu, ni yangu, hata ikiwa imeandikwa jina la mfalme."

"Na umewajibu!"

"Ningefanyaje? Mtu mzima ananiandikia kurasa tisa, nimnyamazie? Mimi sina adabu hiyo mbaya."

"Hujawahi kuuona huo mchezo hata siku moja!"

"Na nisiuone. Wao wameuona, umewasaidia nini?" Akachomoa karatasi aliyokuwa akiiandika, akaisogeza mbali na macho. "Sikia. Huyu wa trekta ameandika tena. Nimemwambia: 'Mwanangu, kama panya amepanda mnara tangu ukiwa mdogo na mpaka leo hajafika, mwambie ateremke atafute kazi, na wewe mfuate.' Si kweli?"

Mjomba Barua alikaza midomo.

"Na yule mwalimu nilimwuliza: kurasa tisa kwa panya, mamako ulimwandikia lini? Akajibu kwamba amemwandikia. Ametuma na nakala, eti nisahihishe."

Hapo kicheko kilimponyoka Mjomba Barua puani, akakigeuza kuwa chafya. Haikumsaidia. Shangazi alimjua tangu akiwa anatambaa.

"Cheka tu, hutapungua."

"Sicheki. Wanataka nikupe ukurasa wangu."

"Nani?"

"Wote. Na Mkurugenzi. Wanadhani wewe ni mwanamume."

"Wengi wamewahi kudhani mabaya zaidi." Shangazi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sketi ya mtoto wa mtu. "Mimi wakiniita naenda. Hii cherehani imenimaliza magoti. Lakini siendi kujipeleka kama harufu. Niandikiwe. Na niandikiwe na wewe, ili kesho usije ukasema nilikunyang'anya."

"Na nisipoandika?"

"Basi hutaandika. Mtu hafi kwa kukosa matusi. Anakonda tu."

Alirudi ofisini wakati wenzake wametoka kwenda kula. Aliketi kwenye kiti chake, akakisikiliza kikilalamika. Njia alizoziona zilikuwa mbili. Angeweza kumwandikia Mwiba barua ya hovyo, ya kumkera, apate kukataa. Ukurasa ungekufa, na angalau ungekufa ukiwa na sura yake juu. Au angeweza kuuachia ukurasa uishi, sura iwe ya mwingine, na yeye akae chini yake akihesabu nukta.

Akaanza ile ya kwanza. Ilimtoka vizuri, kwa kuwa matusi ya adabu ndiyo fani yake: "Kwa masikitiko tunalazimika kukualika, ingawa tunafahamu kwamba huna sifa..." Alifika katikati, akanyoosha mkono kutafuta mfano wa wapumbavu waliomwomba Mwiba. Akavuta barua ya juu kwenye rundo.

Ilikuwa ya msomaji mpya, fundi wa friji. Alisema hajawahi kuandika barua maishani mwake. Alisema kwamba Panya wa Mnarani ni mchezo ulioendelea mno kisanaa kuliko uchoraji wote wa kale na wa sasa, na kwamba asiyeuelewa ana kasoro ya ubongo, na kwamba yeye binafsi amefika kengeleni mara nyingi lakini hana shahidi kwa kuwa televisheni huzimika kila anapofika. Mwisho aliuliza, kwa herufi kubwa, ni nani atakayethubutu kumpinga.

Mjomba Barua aliisoma mara mbili. Damu ikamchemka vizuri, kama zamani. Televisheni huzimika! Akaona kurasa za magodoro, mwezi baada ya mwezi, na mtu huyu amekaa kwake ameridhika, amelala juu ya moja la magodoro hayo, hakuna wa kumwambia neno. Akawaona wote: wa rula, wa trekta, wa kofia, wakizeeka kwa amani katika ujinga wao, wakipuliza kaseti bila kusumbuliwa na mtu. Hilo hakuliweza. Kiti angeweza kukiacha, maana hakikuwa kiti. Sura ile ya kuchorwa nayo ilikuwa na nywele za uongo. Lakini kuwaacha watu wale wapumue!

Akajaribu jibu mwenyewe, ili kuona. Aliandika mistari minne, akaisoma. Ilikuwa sahihi, imenyooka, kila mkato mahali pake. Ilikuwa chai iliyolala. Akawaza shangazi angemwambia nini fundi huyu, na kabla hajamaliza kuwaza alikuwa ameshacheka kwa sauti, peke yake, mpaka kiti kikakaribia kuanguka.

Akachana karatasi zote mbili. Akachukua safi.

"Kwa Bwana Mwiba," aliandika, kwa mwandiko wake halisi safari hii. "Jarida la Vibonyezo linakuomba uchukue ukurasa wa barua za wasomaji kuanzia toleo lijalo. Atakayekukabidhi ni mimi niliyeushika, na ninakukabidhi kwa hiari, andiko hili liwe ushahidi. Utakuta kiti kina miguu mitatu. Usikae kwa nguvu. Nukta na mikato niachie mimi, maana zako ni aibu. Naambatanisha barua ya fundi mmoja wa friji. Anza na huyo. Usimsamehe hata neno moja."

Akatia sahihi ya Mjomba Barua, akaifuta "Mjomba Barua," akatia jina alilopewa na wazazi wake. Lilimshangaza kidogo kulikuta bado lipo.

Akaikunja pamoja na ile ya fundi, akazitia kwenye bahasha, akalamba gundi iliyokuwa na ladha ya dawa ya kikohozi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Makarani walipokuwa wakirudi kutoka kula, yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya sanduku la posta, akiibandika stempu kwa dole gumba. Akaisukuma bahasha ndani ya tundu, akasikiliza mpaka ilipogonga chini.