Siri Arobaini, Kasoro Ishirini na Tisa

Kiwandani walimwita Mama Nukta, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na hakuna kilichoingia mashineni bila kupita chini ya macho yake: kadi za harusi, ratiba za mazishi, vitabu vya risiti, katiba za vyama vya kufa na kuzikana. Nukta iliyokosekana aliiona tangu mlangoni, kama wengine wanavyoona jiwe kwenye wali. Hata mumewe, fundi bomba, alipomwandikia barua ya posa alirudishiwa karatasi ileile ikiwa na alama sita za wino mwekundu, na chini yake neno moja: Nimekubali.

Jumapili alisali na wale ambao watu huwaita Wamormoni. Yeye mwenyewe ukimwita hivyo angekutajia jina zima kwa pumzi moja, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kisha angekungoja ulirudie. Walikuwa na ukumbi wa kupanga ghorofani, juu ya duka la magodoro, na alikuwa amesali humo miaka kumi na moja. Kiwandani hakuna aliyewahi kumuuliza dini yake, naye hakuwahi kuipigia tarumbeta. Walichojua ni kwamba chai yake ya saa nne, ambayo dini yao haiinywi, humwendea mtu wa mashine, na mtu wa mashine hakuona haja ya kuchunguza neema.

Jumatatu moja asubuhi aliingia mzee mwenye suti ya kijivu na faili kwapani. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Miaka thelathini alisimamia shule, na alipostaafu akaanza kuhubiri kanisani kwake. Na kwa kuwa hakuwa tena na madaftari ya kusahihisha, aliamua kusahihisha dini za watu. Ndani ya faili mlikuwa na kitabu alichokiandika kwa mkono wake, na jina lake ni Siri Arobaini za Wamormoni. Majalada elfu moja yalikuwa tayari, kwa sababu mpwa wake alikuwa na mashine ya rangi na haraka isiyo na mpango. Yalikuwa ya manjano, na ile 40 ilikuwa nyekundu, kubwa kama sahani.

Mwenye kiwanda akampa Mama Nukta kazi ile bila kuiangalia. Mama Nukta alisoma jina, akaweka kalamu chini, akanywa maji, akaiokota tena.

Siri ya kwanza ilisema kila mwanaume wa Kimormoni ana wake wanne, na akipandishwa cheo huongezewa. Ya tatu ilisema wanamsujudia malaika wa dhahabu aliyesimama juu ya paa. Ya tisa ilisema ibadani hunywa damu ya mbuzi. Alipofika ya kumi na mbili alikuwa anacheka na kuumia kwa zamu, na alipofika ya ishirini na saba aliacha kucheka. Aliiruka, akaendelea na ya ishirini na nane.

Jioni ile alimpelekea shauri mkuu wa kina mama wa kanisani, fundi cherehani mwenye mwili na maneno. Huyo hakuhitaji kufikiri. Alimwambia ayaache makosa yote yalivyo, hata ya herufi, ili mzee ajiaibishe mbele ya kadamnasi. Mtu akijichimbia shimo humpi taa. Rais wa tawi lao, yaani kiongozi wa ibada zao, ambaye siku za kazi alitengeneza meno ya bandia, alimwambia asali kisha atende lililo haki. Hilo ndilo shauri alilokuwa analiogopa.

Nyumbani alimsomea mumewe siri ya kwanza. Fundi bomba alisikiliza kwa makini, akasema huyu mmoja aliye naye anamsahihisha hata salamu. Wakiwa wawili wangemsahihisha kwa kupokezana, na mtu ana mishipa mingapi.

Lakini Mama Nukta hakuweza kuacha. Kosa aliloliona lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Kesho yake alianza na herufi, akahamia kwenye sarufi, halafu, kama ilivyokuwa desturi yake kwa kila kazi, akaandika pembeni palipohitaji ushahidi. Kwenye wake wanne aliandika: "Kanisa lilitangaza kuacha mwaka 1890. Leo anayeoa wa pili anatengwa. Tumia wakati uliopita." Kwenye damu ya mbuzi: "Ni mkate na maji. Nani kaona mbuzi?" Kwenye jalada aliandika jina kamili la kanisa.

Jumatano mzee alikuja kuangalia. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeshika kalamu nyekundu, na sasa aliiona imepita juu ya kazi yake kama kuku kwenye unga. Ilibidi aketi juu ya bunda la karatasi. Mama Nukta alimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyepigwa. Walianza na sarufi. Alibisha alama ya kwanza, akashindwa. Ya pili, akashindwa. Ya tatu akatoa kamusi mkobani, akaifungua, akaifunga polepole. Hivyo alimheshimu kabla hajamjua, na hilo ndilo lililomponza. Kuhusu jina kamili alitoa rula akapima, akasema kwa urefu huo kitabu kingelazimika kuwa mkeka.

Walipofika kwa malaika wa dhahabu alikaza uzi. Alitaka kujua mwanamke wa kiwandani amejuaje kuwa juu ya paa lile hakuna malaika.

"Nimekaa chini ya paa hilo miaka kumi na moja, mwalimu," alisema Mama Nukta. "Juu kuna antena ya mwenye duka la magodoro."

Mzee alimtazama, akatazama zile karatasi, akamtazama tena. Alielewa kwamba siku mbili nzima alikuwa amempa adui panga lake amnolee, na adui amelinoa vizuri. Alikusanya karatasi zake moja moja, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mwenye kiwanda alikuja kuuliza mteja kaenda wapi, na Mama Nukta alimjibu ukweli, na mwenye kiwanda akashika kichwa.

Wiki haikuisha. Mzee alirudi akiwa na karatasi kutoka kwa mchapaji mwingine, akaiweka mezani bila salamu. Ilikuwa dibaji, mahali anapoeleza jinsi alivyookoka. Mchapaji yule alikuwa amekula herufi mbili katika kila neno la kuokoka, na sasa mwalimu mkuu mstaafu aliutangazia ulimwengu kwamba tangu alipooka, maisha yake yamebadilika, na kwamba anamwalika kila msomaji naye aoke.

"Afadhali adui anayejua sarufi," alisema, akavuta kiti.

Tangu hapo alikuja kila siku saa tano. Walifanya kazi kama watu wawili wanaochambua mchele, na siri zikapungua. Ya nne ikatoka, ya sita, ya saba. Aliyoandika kwamba hawamwamini Yesu ilimletea mabishano ya asubuhi nzima, mpaka akakubali kuandika kwamba mafundisho yao juu ya Mungu na Mwanawe si yale ya kanisa lake, na akaeleza tofauti yenyewe. Hiyo Mama Nukta aliiacha, akamwekea na koma mbili, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwamba wana kitabu kingine pamoja na Biblia, nayo aliiacha. Ile ya kumi na tisa ilihusu nguo maalumu za ndani ambazo waumini waliokwenda hekaluni huzivaa.

"Hii ina ukweli, mwalimu," alisema. "Lakini ni nguo yangu ya ndani. Unataka tuijadili hapa, au nimwite na mtu wa mashine?"

Mzee aliifuta mwenyewe, kwa haraka, mpaka karatasi ikatoboka.

Tatizo likawa jalada. Haiwezekani nje iandikwe arobaini na ndani mna kumi na sita. Mzee hakulala vizuri, na siku moja alimeza fahari yake akamwomba Mama Nukta ampe siri nyingine, za kweli, ili kujaza. Mama Nukta alifikiri akamwambia kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga. Mzee akasema kufunga si siri, hata yeye hufunga. Akamwambia wanahimizwa kuweka akiba ya chakula nyumbani. Mzee akaandika, akaisoma, akasema hii ni busara, akaifuta. Akamwambia anayewahubiria halipwi, hutengeneza meno ya watu siku sita. Hapo mzee alichangamka, akaandika mistari mitatu mizito, kisha kalamu ikapoa mkononi. Aliona jinsi waumini wake watakavyoisoma, na swali la mshahara watakalomgeukia nalo mchungaji wao. Nayo akaifuta.

Nyingine tano zikatoka, ikabaki kuamuliwa ya ishirini na saba. Mama Nukta alikuwa ameikwepa siku zote hizo, akipindua ukurasa kama anayepita nyumba yenye mbwa.

"Hii vipi?" mzee aliuliza. "Ukisema inatoka, inatoka. Mimi sasa sihitaji ushahidi, alama yako inatosha."

Ilikuwa imeandikwa: Mpaka leo mtu mweusi hapewi ukuhani kwao. Na kama ilivyoandikwa ilikuwa uongo. Rais wa tawi alikuwa na ukuhani, fundi bomba alikuwa nao, na wote wawili walikuwa weusi kama yeye. Angeweza kuandika "futa" na asingekuwa amesema neno la uongo hata moja. Mzee angefuta. Kina mama wangempigia makofi.

Alikumbuka alivyolijua jambo lile mara ya kwanza, miaka mitatu baada ya kubatizwa, hakuambiwa na mtu, alilisoma. Jumapili mbili hakuondoka nyumbani. Mumewe alipika, akaosha vyombo.

Kisha alikata maneno mawili, "mpaka leo", juu yake akaandika: "hadi mwaka 1978". Akabadilisha "hapewi" kuwa "hakupewa". Akamsogezea.

Mzee alisoma mara mbili. Hakuonyesha furaha ya mshindi, ingawa kwa haki angeweza.

"Na bado unasali hapo," alisema.

"Nasali. Kanisa lenyewe limezikanusha sababu zilizokuwa zikitolewa. Lakini kwa nini ilikuwa hivyo miaka yote ile, sina jibu, mwalimu. Nikikupa moja nitakuwa nimelitunga. Nilitaka kuacha nikashindwa, kwa sababu mengine niliyoyakuta pale ni ya kweli kwangu kama mkono huu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili, na alingoja mpaka ikasimama.

"Kwetu mabenchi ya mbele yalikuwa na wenyewe, wazungu," alisema. "Babu yangu alisali nje, dirishani. Alisikia mahubiri upande mmoja wa kichwa maisha yake yote."

"Mbona haimo kitabuni?"

"Hiki kinawahusu nyie," alisema mzee, na aliposikia alivyosema, aliona haya kidogo, akaomba maji.

Zilipohesabiwa mwishoni zilikuwa kumi na moja. Mzee alikataa kuziongeza kwa ubuyu, umbea wa mitaani, na mpwa wake alikataa kuchapa majalada mengine. Ni mwenye kiwanda aliyepata njia: kurasa zilizobaki zikapigwa mistari, juu ya kila moja kukaandikwa Maswali ya Msomaji. Kitabu kilikwisha ndani ya mwezi mmoja. Mzee alitembea kifua mbele mpaka alipopita karibu na shule yake ya zamani akakuta watoto wanafanyia hesabu ndani ya Siri Arobaini. Karatasi ilikuwa nzuri, haikunyonya wino. Fundi cherehani, aliyekuwa amemnunia Mama Nukta wiki tatu kwa ajili ya ile ya ishirini na saba, alinunua vitatu vya kuandikia vipimo vya wateja.

Kulikuwa na waliosoma pia. Mtu na mkewe walipanda ghorofani Jumapili moja na kitabu mkononi, wakamuuliza rais wa tawi juu ya siri ya tano, ile ya kitabu kingine. Aliwajibu, akawaambia ni swali zuri. Walikaa mpaka mwisho wa ibada, wakashukuru, na hawakurudi. Mke alimwambia mtu kwamba watu wale hawana ubaya ila viti vyao ni vya kutesa.

Mzee mwenyewe alisimama kanisani kwake akawaambia waumini kwamba alikuwa na mambo arobaini, na kati ya hayo ishirini na tisa hayakufaa kuchapwa, mengi kwa kuwa si kweli, na aliyemwonyesha ni mmoja wao hao hao. Watu hawakupenda. Baada ya ibada wazee watatu walimzunguka, mmoja akamuuliza waziwazi kama amelishwa kitu na wale watu. Alijibu kwamba hakulishwa wala hakurogwa. Amesahihishwa.

Habari hiyo Mama Nukta aliipata kwa mtu wa mashine, aliyeipata kwa shangazi yake. Aliuliza kama mzee alitaja pia zile kumi na moja zilizobaki. Akaambiwa ndiyo, alizisoma zote, kwa sauti, pamoja na ule mwaka wa 1978. Alitikisa kichwa taratibu. Lilimfurahisha na lilimchoma, na hakujaribu kutenganisha kipi ni kipi. Mezani palikuwa na kadi ya harusi inayosubiriwa saa nane, na jina la bibi harusi lilikuwa limekosewa mara mbili, kila mara kwa namna yake.