Kibao cha Shavu

Tangu Winny azikwe, hapakuwa na mkono uliokigusa kibao cha shavu cha bunduki ile. Mzee Oyugi, babake, alihakikisha hivyo bila kumwambia mtu.

Kibao chenyewe ni kipande cha mti kinachokaa juu ya kitako cha bunduki ya shabaha, mahali mlengaji anapolaza shavu ili jicho lake lifike sawasawa nyuma ya tundu la kulengea. Hubebwa na nguzo fupi ya chuma, hushikwa na skrubu, huinuliwa na kuteremshwa kwa kadiri ya uso wa mtu. Nyuma yake lipo bamba la bega, nalo husogezwa kwa kadiri ya urefu wa mkono. Mambo hayo mawili Winny aliyapanga kwa mwili wake mwenyewe, taratibu, msimu mzima, akilala kifudifudi juu ya mkeka katika kiwanja cha shabaha kilicho chini ya vilima vya Riat, hata asubuhi moja akasema bila kuinua kichwa, "Baba, hapa hapa. Kaza, na mtu asiniguse." Oyugi, aliyekuwa fundi wa silaha wa polisi kabla ya kustaafu na kuwa mkufunzi wa chama cha walenga shabaha, akaikaza skrubu kwa mkono wake.

Kisha mvua za masika zikaingia. Boda boda aliyoipanda Winny iliteleza njiani kuelekea Mamboleo, naye akapelekwa nyumbani Seme ndani ya sanduku. Huko wazee wa ukoo wakasema yaliyo ya mila: binti mtu mzima ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma, kaburi lake huchimbwa nje ya ua. Oyugi akabisha. Alitaja Kanisa, akataja huruma ya Mungu, akataja hata utumishi wake kwa serikali. Mwishowe alinyamaza, akatoka nje ya ua wake mwenyewe kwenda kumzika mwanawe. Beldina, mkewe, hakusema kitu siku ile. Alisema baadaye, mara moja tu, waliporudi katika nyumba yao ya kupanga mtaani Migosi: "Wuon Winny, mtoto wangu ulimwacha nje."

Baba Winny. Jina hilo bado aliitwa, na kila alipoitwa alihisi kama mtu aliyevaa kofia ya cheo alichokwisha kuvuliwa.

Ndiyo maana kila alipofungua ghala la chama asubuhi, kabla ya kufanya lolote, alikitazama kibao kile. Kimo kile kilikuwa kimo cha uso wa Winny. Umbali ule wa bamba ulikuwa urefu wa mkono wake. Duniani hapakusalia kitu kingine kilichoshika umbo la mwili wa binti yake.

Lakini bunduki ilikuwa mali ya chama, na mchujo wa kuteua timu ya taifa ulikuwa umekaribia. Nafasi ya Winny alipewa Nekoye, rafiki yake, binti wa Kibukusu mrefu kama mlingoti, muuza dawa katika duka moja la Kondele. Miaka yote Nekoye alikuwa wa pili nyuma ya Winny, na hakuwahi kulalamika. Safari hii ilikuwa yake, na umri wa kungoja nyingine ulikuwa ukimpita. Wangeshindana katika daraja la bunduki za kiwandani, ambalo sheria yake ni nyepesi kueleza na ngumu kutimiza: silaha ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna kubadili mtutu, hakuna kuchonga kitako. Kinachoruhusiwa ni kusafisha, kukaza, kuchagua risasi, na kurekebisha yale ambayo kiwanda chenyewe kiliyawekea skrubu. Oyugi aliwafundisha vijana kwamba shindano hilo lina insafu kuliko yote, kwa kuwa humpa ushindi mwenye subira.

Nekoye akalala kwenye mkeka, akapiga. Karatasi ilipoletwa, matundu yalikuwa yametawanyika juu na chini kama mtama uliomwagwa.

"Mzee, umeona haya?" Nekoye akasema, akijisugua shingo. "Twiga akipewa maji kwenye kikombe, ndiyo mimi hapo chini."

"Mtutu ni mchafu," Oyugi akajibu.

Akausafisha mtutu. Alipitisha vitambaa vyenye mafuta, kutoka nyuma kwenda mbele, kama ipasavyo, hata kitambaa cha mwisho kikatoka cheupe. Nekoye akapiga tena. Mtama ukamwagika tena.

"Basi ni skrubu za mwili," Oyugi akasema. Akazilegeza zile zinazoshikilia chuma kwenye mti, akazikaza upya kwa bisibisi yenye kipimo, zote kwa nguvu moja, kwa maana mtutu unaobanwa upande mmoja hupindua risasi kabla haijatoka. Mambo yakabaki vilevile.

Siku iliyofuata akageukia risasi. Risasi za jina moja, zilizotengenezwa nyakati mbalimbali, hazina tabia moja. Bunduki huchagua fungu lake, nayo haiulizwi sababu. Akajaribisha fungu baada ya fungu, na Nekoye akapiga mpaka kiwiko kikachubuka. Kulikuwa na fungu lililokuwa afadhali kidogo. Oyugi akalishangilia kupita kiasi, na kila mtu akaona kwamba alipita kiasi.

Robinson, katibu wa chama, mtu mnene mwenye mdomo mwepesi, alikuwa ameegemea mlango. "Mzee, umeosha, umekaza, umebadili chakula. Imebaki kuiombea tu. Nimwite mchungaji?"

"Mwite na wewe mwenyewe akuombee upunguze maneno."

Walicheka, lakini Robinson hakuondoka. "Ifunge kwenye jiliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Tujue moja."

Oyugi hakuwa na la kukataa, kwani ndilo jambo ambalo yeye mwenyewe angeliamuru tangu mwanzo kwa bunduki nyingine yoyote. Akaifunga bunduki katika jiliwa, kibanio cha chuma kilichokazwa kwenye meza ya saruji, pasipo bega, pasipo shavu, pasipo pumzi ya mwanadamu. Akafyatua risasi za lile fungu jema. Robinson alikwenda kuichukua karatasi, akarudi akiishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Risasi zote zilikuwa zimepita katika tundu moja.

Bunduki ilikuwa imesema neno lake: haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali bunduki inapokutana na mwili.

"Kibao kiko chini mno kwangu, Baba," Nekoye akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nikikilalia, jicho halifiki kwenye tundu. Inabidi ninyanyue kichwa, na kila risasi nakinyanyua kwa namna yake. Na bamba liko karibu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilijua kwa nini wewe umenyamaza."

"Kwa hiyo ulipiga siku zote hizi ukijua?"

"Nilifikiri nitazoea. Nilifikiri nitajikunja nifanane naye."

Oyugi alichukua bisibisi, akaiweka, akaichukua tena. Mkono uliokuwa umefungua na kufunga silaha za kituo kizima ulikataa. "Kesho," akasema, akafunga ghala.

Nyumbani, Beldina alikuwa ameinamia cherehani yake; kazi yake ilikuwa kushona sare za kwaya na kurekebisha nguo za watu. Oyugi hakuwa na desturi ya kumsimulia habari za kiwanja, kwani Beldina hakuwahi kupapenda wala kukanyaga huko. Usiku wa msiba haukuwa umeacha maneno mengi baina yao. Lakini jioni ile akamweleza yote, tangu mtama uliomwagika hadi jiliwa, naye Beldina akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nguo za Winny ziko wapi?" akauliza.

Oyugi akatazama kabati. "Humo."

"Fungua."

Akafungua. Upande wa Winny ulikuwa mtupu.

"Nilizirekebisha mimi," Beldina akasema. "Watoto wa dada yangu ni wanene kidogo, nikazifumua ubavuni, nikatia vipande. Ile gauni ya kijani niliyomshonea ya Krismasi, Mercyline wao ndiye anayeivaa kanisani. Nilifumua mshono wangu mwenyewe, uzi kwa uzi, wewe ukiwa huko kwenye bunduki zako. Nilidhani utaona. Kila siku nilingoja uone."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe je? Wewe ulikuwa na mahali pake umepaficha peke yako, unakwenda kupatazama kila asubuhi. Hukunichukua hata siku moja."

Oyugi akakaa kitandani, akainamisha kichwa. Baadaye Beldina akasema, bila ukali tena, "Kesho nitakwenda nawe. Usikifungue kabla sijakiona."

Asubuhi akavaa vitenge vyake vya heshima, akafunga kilemba, kama mtu aendaye ibadani. Nekoye alipomwona alipiga magoti kumsalimu, na Robinson, ambaye hakukosa la kusema maishani mwake, alivua kofia akasogea pembeni.

"Kilikuwa kinafanyaje kazi?" Beldina akauliza.

Oyugi akaiweka bunduki tupu juu ya mkeka, akahakikisha mara mbili kwamba haina risasi, akamwonyesha. Alitaraji aiguse tu kwa mkono. Lakini Beldina akavua viatu, akalala kifudifudi, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, vitenge vyake vikikusanya vumbi. Nekoye akamsaidia kuweka kiwiko. Oyugi akapiga goti kando yake, akalilaza bamba begani mwake, likakaa. Bila kuambiwa, Beldina akateremsha shavu kwenye kibao.

Lilifika. Halikutafuta wala halikusogea. Oyugi, aliyetazama mashavu mengi yakitua juu ya mti huo, aliona jicho la mkewe limesimama katikati ya tundu kama lililopimiwa hapo. Na kweli lilikuwa limepimiwa, maana uso wa Winny ulikuwa uso wa mamake, na mkono wa Winny mkono wa mamake.

"Naona duara," Beldina akasema. "Na ndani yake duara. Na ndani yake kitu cheusi."

"Hiyo ndiyo shabaha."

"Hivi ndivyo alivyokuwa akiona?"

"Hivyo hivyo."

Alikaa pale muda mrefu, shavu juu ya mti, akitazama. Upepo wa ziwani ulivipeperusha vibendera vya kiwanja, ukatulia. Oyugi alitamani wakati huo usiishe, kwani kimo kile cha kibao, ambacho tangu masika hakikuwa na mwenyewe, kilikuwa kimejazwa tena. Ndipo Beldina akainua kichwa, akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Sasa fungua," akasema.

Oyugi akafungua. Skrubu ilitoa mlio mdogo, kisha kibao kikalegea mkononi mwake. Alikitoa chote, akaitazama ile nguzo ya chuma, akitumaini kuona mkwaruzo, mstari, chochote cha kuonyesha mahali kilipokuwa. Haikuwa na alama. Ilikuwa laini, inang'aa, kama siku ilipotoka kiwandani.

Akakirudisha. Akamlaza Nekoye, akamwambia afumbe macho, alegeze shingo kama anayelala usingizi. Akakiinua kibao kidogo kidogo mpaka kikalikuta shavu, bila kulifanya shavu likifuate. Akarudisha bamba nyuma. Akamwambia afumbue.

"Unaona nini?"

"Naona vyote katikati," Nekoye akasema. "Baba, sina haja ya kujinyanyua."

"Basi kazi ni yako. Vuta pumzi, iache itoke, kisha fyatua bila haraka."

Nekoye akapiga. Robinson akaenda, akarudi mbio, unene wake wote ukitikisika, akipunga karatasi juu ya kichwa. Matundu yalikuwa yameshikana, yamekuwa tundu moja lenye kingo zilizochanika. Vijana wa chama wakapiga makofi na vigelegele. Oyugi akaipokea karatasi, akaikagua, akasema yale ambayo mkufunzi husema: kwamba ni vizuri, kwamba mkono wa kushoto umekaza zaidi ya haja, kwamba sasa skrubu zile mtu asiziguse mpaka baada ya mchujo. Kisha akatoka, akazunguka nyuma ya ghala ambako hapakuwa na mtu.

Beldina alimfuata. Wakasimama wakiutazama ukuta wa mawe, vumbi la mkeka likiwa bado kwenye vitenge vyake.

"Amepiga vizuri?"

"Vizuri sana."

"Vizuri kuliko Winny?"

Oyugi angeweza kusema uongo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini maisha yake yote hakuwahi kusema uongo juu ya karatasi ya shabaha.

"Kuliko Winny," akasema.

Beldina akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu maziko, wakalia pamoja.