Umeme Ukirudi

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, Jumapili, na badala ya kutukana kama siku zote, Lwitiko alishukuru. Mashine ilisimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafungwa kwenye chuma mpaka karibu na kiwiko.

Tusimwonee huruma mapema, makosa yalikuwa yake. Baridi ya Tunduma mwezi wa saba haina adabu, naye alivaa koti zito la mtumba lenye mikono mipana, akainama kung'arisha shafti ya kinu cha kusagia mawe ya dhahabu iliyoletwa kutoka Saza. Kila fundi anajua kwamba koti na mashine ya kukereza vyuma haviendi pamoja. Lakini mashine ilikuwa inazunguka polepole mno, na upole ule ndio uliomdanganya. Jino moja la chaki, lile bakuli la chuma linaloshika kazi, lilidaka upindo wa koti, likaanza kuliviringisha bila haraka na bila kulegea. Alivuta. Mashine nayo ilivuta.

Upole huo aliuleta mwenyewe. Mashine ilikuwa ya shemeji yake Boazi, mume wa dada yake Ikupa, kuukuu, yenye mota ya fezi tatu, iliyohamishwa kutoka Vwawa mpaka kwenye karakana yenye umeme wa fezi moja. Ililala chini ya turubai mwaka mzima. Ndipo Lwitiko akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akarudi na inverta, kisanduku kama mkate wa boflo kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na kupunguza au kuongeza mwendo utakavyo. Akafungua mota na kupanga upya nyaya zake. Ile swichi ya zamani ya mashine akaitoa kabisa njiani, maana inverta haitaki kitu kati yake na mota. Siku ilipozunguka, Boazi alilia, mtu mzima na mvi zake.

"Lakini isije ikajianzia yenyewe," alisema akijifuta macho.

"Haiwezi, shemeji. Mpaka ubonyeze."

Siku ile ilikuwa kweli. Baadaye, umeme ulipokuwa ukikatika mara sita kwa siku, Lwitiko alichoka kwenda ukutani kubonyeza. Akaingia kwenye mipangilio, akaiagiza inverta kwamba umeme ukirudi ihesabu sekunde tano, kisha iendelee na kazi. Alimficha Boazi kwa sababu hakutaka kuhubiriwa.

Sasa alisimama amekumbatiana na mashine. Nguo ilikuwa imekaza mpaka vidole vilikuwa vyeusi kama zambarau. Chaki ilikataa kurudi nyuma kwa mkono. Gia ya mwendo mdogo ilikuwa imeishikilia. Inverta ilikuwa ukutani, hatua nne kutoka alipo, na kitufe chake chekundu cha kuisimamisha hakifanyi kazi mpaka umeme urudi. Swichi ya kukata umeme hapo karakanani hakuweka. Nyaya alizipitisha ndani ya bomba la chuma moja kwa moja hadi swichi kuu, sebuleni kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa kanisani na ufunguo wake. Mtaa mzima ulikuwa kanisani.

"Shemeji!" aliita. "Shemeji wee!"

Boazi alikuwa nje anakunywa chai. Aliingia na kikombe, akaona, akakiachia kikaanguka.

"Mungu wangu! Nikate koti?"

"Kisu hakipiti. Koti limekaza kwenye ngozi."

Boazi alimvua koti upande wa kushoto, akazunguka nyuma ya mashine, akaukamata mkanda wa mota kwa mikono miwili na kuuvuta kinyumenyume. Chaki ilisogea upana wa ukucha. Akavuta tena. Vidole vyake vilikuwa vinaingia kati ya mkanda na puli, gurudumu lake, kila alipovuta, na Lwitiko aliviona vizuri, vinene, vyenye makovu.

Alipaswa kusema pale pale. Alijua. Lakini nguo ilikuwa imeanza kulegea, damu ilikuwa inarudi na kumchoma kama siafu, na akisema, Boazi ataenda kusimama karibu na kitufe chekundu na kusubiri, pengine mpaka jioni, na mkono utakufa. Boazi alivuta mara ya tatu, ya nne. Lwitiko aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Shemeji, toa mikono."

"Kwa nini?"

"Umeme ukirudi itaanza yenyewe. Niliiweka hivyo."

Boazi alisimama, mikono ikiwa bado kwenye mkanda. "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

Mzee alitazama inverta, akatazama vile vidole vyeusi. Kisha akainama akavuta mkanda.

Alipokuwa akivuta mara ya tisa, taa iliwaka. Feni ya inverta ikaanza kunguruma.

"Toa mikono!" Lwitiko alipiga kelele. "Shemeji, toa!"

Boazi alivuta mara moja zaidi, kwa uzito wa mwili wote. Nguo ikalegea, Lwitiko akauchomoa mkono ukiwa umechunika, akaanguka chali. Boazi alirusha mikono juu. Chaki ikaanza kuzunguka, polepole, ikilivuta koti lote kutoka sakafuni na kulizungusha kwenye shafti, mgongo, kola, mpaka vifungo vikaanza kukatika kimoja kimoja.

Boazi alikwenda ukutani, akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikasimama. Akaja akakaa chini karibu na shemeji yake, akamkunja na kumkunjua vidole mpaka vyote vitano vikacheza.

"Umeme ukikatika," alisema hatimaye, bila hasira, "wewe unatoka nje kupiga simu. Mimi nabaki ndani. Unajua huwa nafanya nini?"

Lwitiko alijua. Alikuwa akimwona dirishani kila siku, kwa wiki tatu, simu ikiwa sikioni: Boazi ameinamia chaki, anatoa mabaki ya chuma kwenye meno ya mashine, kwa vidole vitupu.

"Unasafisha," alijibu.

"Nasafisha," Boazi alisema. Akanyanyuka, akaenda kutafuta kitambaa cha kumfunga mkono.