Dozi ya Maji ya Parastu

"Glasi moja, mama. Watu wote humwaga glasi, wakizidisha sana bakuli. Wewe ulifungulia mpira wa bomba."

"Glasi?" Bi Mahrokh aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kuchambua mboga. "Mamako mdogo Shokufeh alimmwagia mwanawe Kamran glasi. Tena ya chai. Huu mwaka wa kumi na moja Kamran yuko Uswidi, amenunua na mbwa. Ulitaka nikumwagie glasi?"

"Nataka kuingia darasani na soksi kavu."

"Vaa mabuti."

"Nimevaa mabuti miaka miwili, mama."

Ilikuwa saa sita mchana mjini Yazd. Huko Dresden, Ulaya, Parastu alikuwa amesimama kwenye ngazi za jengo alilopanga, na nyuma yake, ngazi kwa ngazi mpaka chini, maji yalikuwa yametulia yakisubiri amalize kuongea.

Maji yenyewe yalikuwa ya kawaida. Kila anayesafiri hupitishwa chini ya Msahafu, akishatoka humwagiwa maji nyuma yake ili arudi. Kiasi hakijaandikwa mahali popote, na hapo ndipo Bi Mahrokh alipoharibu. Alikuwa amegawa dawa katika hospitali kwa miaka ishirini na tisa, na aliamini kila kitu kina dozi. Akapiga hesabu kwamba mtu wa kwenda Tehran anatoshwa na bakuli, wa Uturuki ndoo. Kwa Ulaya alifunga mpira kwenye bomba la uani, akauburuta mpaka mlangoni, akaufungulia kwa dakika kumi na moja. Teksi ilikuwa imeshakata kona.

Tangu siku hiyo kizingiti hakikukauka. Yazd nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika, lakini kizingiti cha Bi Mahrokh kilikuwa kimelowa miaka miwili, na paka wa mtaa walikuja kunywa hapo.

Maji yalimfikia Parastu siku ya ishirini na moja, yakiwa na vumbi la Yazd na jani moja la mforsadi. Yalikuwa yamevuka mipaka saba. Hakuna aliyeyauliza viza. Bi Hübner, mwenye nyumba, alibandika tangazo kwamba maji yanayomfuata mpangaji hayaruhusiwi kwenye ngazi kuanzia saa nne usiku, na maji yakalitii. Darasani wenzake walizoea kuweka mikoba juu ya viti. Profesa aliuliza mara moja tu kama yananyweka, akajibiwa yana chumvi kidogo, akaendelea na somo.

Hayo yote Parastu aliyavumilia. Shida ilianza baada ya mwaka mpya, maji yalipoanza kuvuta. Yalimshika vifundo vya miguu na kumwelekeza kusini-mashariki. Mara mbili alijikuta stesheni ya treni na begi mkononi. Alhamisi iliyopita alishtukia yuko uwanja wa ndege, anamtajia mhudumu wa dirishani tarehe yake ya kuzaliwa. Jumanne ndiyo siku ya kutetea tasnifu. Akiondoka kabla ya hapo, kibali chake cha ukaazi kinakufa, na kupata kingine ni kuanza upya kwenye foleni ya Tehran.

"Leo nimelala nimejifunga kwenye bomba la kupasha joto," alisema. "Kwa ule mtandio ulionipa."

"Ule wa hariri? Utachanika."

"Mama, kausha kizingiti."

Bi Mahrokh aliacha mboga.

Yeye alikuwa na mpango mwingine. Alitaka aende mwenyewe Dresden, amshike binti yake mkono mpaka Jumanne ipite, ampikie chakula cha maana, kisha arudi. Alikuwa ameomba viza mara tatu. Mara ya tatu kijana wa dirishani ubalozini alimuuliza ana uthibitisho gani kwamba atarudi.

"Mume wangu atamwaga maji," alijibu.

Kijana aliandika kitu. Barua ya majibu ilikuwa imefika asubuhi ya leo, ikasema kama mbili zilizotangulia, kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba mwombaji atarudi kwao. Bi Mahrokh alikuwa ameibandika kwenye friji, chini ya zile mbili.

"Alama za vidole nimewapa mara tatu," alimwambia mumewe, simu ikingali begani. "Maji hayana hata kidole."

Bwana Iraj, mwalimu mstaafu wa jometri, alikuwa amejilaza kwenye zulia, gazeti usoni. "Mimi nilisema bakuli," alisema chini ya gazeti.

"Ulisema ukiwa umelala."

"Lakini nilisema."

"Mama," Parastu aliita kwenye simu. "Yameanza tena. Nimeshika reli ya ngazi."

"Nikikausha hutarudi. Utanunua mbwa."

"Sitanunua mbwa."

"Kamran naye alisema hivyohivyo."

Bi Mahrokh alikitazama kizingiti. Akakumbuka wagonjwa waliokuwa wakirudi dirishani kwake wanatetemeka mikono kwa dawa iliyozidi. Hakuwahi kumwambia hata mmoja aache dawa.

"Mtu akizidishiwa dozi hakatiwi," alisema. "Anapunguziwa."

Akachukua ndoo na tambara la deki, akaiegemeza simu kwenye kiatu cha mumewe pale mlangoni, akapiga magoti. Kwanza alijaribu kwa zile barua tatu za viza, kwa kuwa hazikuwa na kazi nyingine, lakini hazikunyonya hata tone. Karatasi yao ni nzuri. Akazirudisha kwenye friji, akashika tambara.

Alifuta na kukamua, Bwana Iraj akibeba ndoo kwenda kuzimwaga kwenye mkomamanga wa uani. Kizingiti kilikuwa na upana wa dhiraa mbili, kikatoa ndoo arobaini na moja.

"Yametoka ghorofa ya chini," Parastu alisema kwenye simu. Baadaye akasema, "Yameacha ghorofa ya pili." Baadaye tena, "Bi Hübner ametoka kutazama. Anasema asante."

"Usiwe na haraka. Yamebaki kiasi gani?"

"Yako mlangoni kwangu tu. Kama bakuli."

Bi Mahrokh aliinua tambara. Kwenye kizingiti lilibaki doa la unyevu, upana wa sahani.

"Yanavuta?"

Parastu aliachia reli, akasimama bila kushika kitu. "Kidogo. Kama mtu amekushika shati kwa vidole viwili."

"Hiyo ndiyo dozi. Nenda kasome."

Bwana Iraj alirudi na ndoo tupu, akasema mkomamanga umeanza kuinamia Ulaya. Bi Mahrokh alimwambia aufunge kamba. Kisha akaruka kizingiti asiliguse lile doa, akaanika tambara, akaenda kumalizia mboga. Kwenye friji barua zilikuwa zimetulia pale pale, zote tatu, kavu.