Skrubu ya Kinyume

Ati nani alinifundisha kukaza hii skrubu kinyume? Si mtu wa kamera, Wacuka. Ni fundi wa baiskeli kutoka Cheptais, na siku hiyo alikuwa ameshachukua kofia aende zake. Weka hiyo bisibisi chini kwanza nikueleze.

Unajua nilikuwa na studio hapa Kitale, njia ya kwenda Kipsongo. Zamani mama mmoja wa Bungoma, Nakhumicha, alikuja na watoto wake wawili, Eliakim na Matthew, nikawapiga picha na hii kamera. Benchi moja, mama katikati, soksi zimevutwa mpaka magoti. Hiyo picha iko kwa ukuta yake mpaka leo.

Sasa mwezi wa nne Eliakim akanipigia simu. Ati mama amezeeka, miguu imekataa, anataka ingine kama ile, na kamera ile ile. Shida ni hao ndugu walikuwa hawaongei. Miaka kumi na moja, juu ya mpaka wa shamba. Matthew alihamia Cheptais. Alikubali kuja, lakini akasema picha moja tu, halafu naenda, kwa Eliakim sili. Mama naye akasema hagusi chakula mpaka wote wawili wakae.

Asubuhi ya kwenda nikaona kamkono ka kuzungushia filamu kanacheza. Nikachukua bisibisi nikakaza, nikakaza vizuri, hata nikajisifu kwa shosho yako, mke wangu.

Nikafika kwa Eliakim saa saba. Mama kwa benchi, Eliakim huku, Matthew kule, kila mtu anaangalia upande yake kama hajui mwingine. Nikashika kamkono nizungushe. Kakabaki kwa mkono yangu. Skrubu ikaanguka kwa nyasi.

Bila kamkono filamu haisongi, na hakuna picha.

"Si tupige na simu," Agneta akasema, mke wa Eliakim.

"Ya simu mtanionyesha mara moja halafu muweke kwa mfuko," mama akasema. "Mimi nataka ya ukuta."

Tukapiga magoti na Eliakim, tukatafuta, akaiona chini ya benchi. Nikairudisha, nikazungusha. Haishiki. Nikazungusha tena. Huko mlima Elgon mawingu ya mvua yameshakuwa meusi, na Agneta anafunika ugali mara ya pili.

Matthew akasimama. "Basi. Nilikuja, mmeniona."

"Keti, baba," mama akasema.

"Mama, nilisema picha. Picha iko wapi?"

Wacuka, nilitoka jasho mpaka kwa miwani. Nikajua huyu akitoka kwa hiyo gate, huyo mama hatawaona tena kwa benchi moja, na ni mkono yangu imeharibu. Nikaisukuma kwa nguvu. Ikalia kama inataka kukatika.

Njia ya gate ilikuwa inapita nyuma yangu. Nikasikia viatu vya Matthew vimesimama.

"Mzee, unafungua."

"Nafunga."

"Unafungua. Pedali ya kushoto ya baiskeli unafunga namna gani?"

"Mimi sina baiskeli."

"Ndio maana. Ile inafungwa kinyume."

Akanipokonya bisibisi. Akaketi kwa benchi, akatoa kachupa ka oili kwa koti, akatia tone moja. Halafu, bila kuangalia mtu, "Eliakim, shika hapa. Usitikisike."

Miaka kumi na moja, na hayo ndio maneno ya kwanza.

Eliakim akashika kamera kama kikombe imejaa chai moto. Matthew akazungusha kurudi nyuma, pole pole. Skrubu ikashika. Kumbe asubuhi nikikaza nilikuwa nafungua. Hiyo sikuwaambia, na wewe usimwambie shosho yako.

"Umekaza sana?" Eliakim akauliza.

"Wewe shika tu, bana. Hata ukiwa mdogo ulikuwa unauliza uliza."

Mama akacheka na pua. Matone mawili yakapiga mabati.

Nikazungusha, filamu ikasonga. "Msisonge," nikasema. Hakuna mtu alisonga. Nikapiga.

Matthew akasimama, mikono nyeusi na oili, kofia amebana kwa kwapa. Akaangalia gate. Eliakim akaingia ndani, akatoka na jagi na karai, akasimama mbele yake. Mimi nilijifanya nafuta lenzi.

Matthew akanyoosha mikono. Eliakim akamwaga maji, akamwaga mpaka jagi ikaisha, akaenda kuleta ingine.

Agneta akafunua ugali. Tukaketi wote, tukakula.